Nyumba ya Kitale, mkopo wa Mombasa: mbona mthamini achelewa?

Miezi michache nyuma binamu yangu alinipigia simu kutoka Kitale akiwa karibu na kulia. Yeye ni mtu wa Mombasa kama sisi, lakini ameishi huko bara zaidi ya miaka 20, akiuza mahindi na maharagwe. Ndugu walikuwa wameamua kuiuza nyumba ya marehemu bibi yetu, naye akataka kuinunua yeye ili isitoke nje ya ukoo. Alikuwa ameshalipa asilimia 10. Mkataba ulimpa siku 90 kumalizia, kama ilivyo mikataba mingi ya ardhi hapa Kenya, na pesa zilizobaki zilitegemea mkopo wa benki kwa dhamana ya nyumba yake ya Kitale. Siku ya 41 benki ilikuwa bado yangoja ripoti ya mthamini.

"Kaka, hawa watu wamelala?" akaniuliza.

Hawakuwa wamelala. Kazi ya mthamini mwenyewe ni fupi. Anakwenda kwenye nyumba, anapima vyumba, anapiga picha, anaangalia ukuta, paa, maji, umeme na barabara, kisha analinganisha na bei za viwanja vilivyouzwa karibu. Ziara yenyewe haimalizi nusu siku. Kinachokula majuma ni yale yanayotakiwa yawe tayari kabla hajafika, na mengi ya hayo yako mikononi mwa mwenye nyumba.

Kwanza, jambo ambalo sisi watu wa pwani hulisahau. Hapa Mombasa tumezoea nyumba bila ardhi: ukuta na paa ni vyako, kiwanja ni cha mwingine, na nyumba ikauzwa vivyo hivyo kwa kuandikiana. Benki haiendi hivyo. Mthamini anathamini ardhi pamoja na kilichojengwa juu yake, na karatasi ya kwanza anayoitaka ni hatimiliki yenye jina la anayekopa.

Hapo ndipo Bungoma ilipoingia. Mume wa binamu yangu ana nyumba nzuri ya matofali upande huo, na wao walianza kwa kuipeleka hiyo benki. Ikakataliwa siku hiyo hiyo. Hatimiliki bado ina jina la babu yake, aliyefariki zamani. Bungoma mambo haya ni mengi: mzee aligawa shamba kwa mdomo, kila mwana akajenga kwake, na mahakamani hakuna aliyekwenda. Nyumba kama hiyo hakuna mthamini atakayeiharakisha, kwa sababu yahitaji mirathi kwanza, kisha ardhi igawanywe na kila mmoja apate hati yake. Hilo si la siku 90.

Kitale ina tatizo lake. Sehemu kubwa ya Trans Nzoia ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi, na baada ya uhuru mengi yalinunuliwa na vyama na kampuni za wananchi kisha yakakatwa vipande. Wako watu wana cheti cha hisa na namba ya ploti wakidhani ni hatimiliki, kumbe hati ya shamba zima bado ni moja. Binamu yangu, kwa bahati, alikuwa na hati yake. Lakini jina lake la tatu limeandikwa kwa herufi moja tofauti na ilivyo kwenye kitambulisho. Majibu ya masjala ya ardhi yaliporudi, benki ikasimamisha kila kitu. Wakili akamwandikia kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na juma likapita hapo.

Kisha mawe ya mpaka. Ilikuwa Julai, na Julai Kitale mahindi yamempita mtu urefu. Mthamini alikuja na ramani ya masjala, akapata jiwe moja tu kati ya manne. Akaondoka. Ikabidi aletwe mpima ardhi. Na kule nyuma kulikuwa na vyumba vya kupangisha, wapangaji wawili wakiwa kazini na funguo zao mfukoni. Ziara ya pili ilikuja kwa ajili ya hayo tu.

Kwa hivyo, ukiwa na nyumba huko na wataka mkopo, anza kwa kuuliza benki ni wathamini gani inaowakubali. Kila benki ina orodha yake, na ripoti ya mtu asiye kwenye orodha ni pesa umetupa, hata awe amesajiliwa. Lipa ada mapema, maana wengi hawaingii barabarani kabla. Siku hiyo hiyo omba majibu rasmi ya masjala na ramani. Linganisha hati na kitambulisho herufi kwa herufi. Weka pamoja risiti za kodi ya ardhi na ramani ya jengo iliyopitishwa na kaunti. Fyeka mipaka. Waambie wapangaji. Omba mthamini aje asubuhi, kwa sababu msimu wa mvua huko hunyesha mchana na njia za udongo hazipitiki. Ikiwa wewe uko Mombasa, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo, mwachie mtu mwenye funguo na simu isiyozimwa.

Na kama ni nyumba ya ndoa, mwenzio aambiwe mapema. Sheria ya Ardhi ya 2012 yataka ridhaa yake kabla nyumba haijawekwa rehani. Nimeona mkopo uliokwama hapo baada ya ripoti kutoka.

Dalali mmoja alimwahidi binamu yangu kwamba angezungumza na mthamini "aongeze kidogo". Nilimwambia aachane naye. Ripoti hutoa bei ya soko na pia bei ya mnada, na benki huangalia sana hiyo ya pili. Wakiishuku, wanatuma mthamini mwingine, na unaanza kuhesabu siku upya.

Ripoti ilitoka siku ya 58. Mkopo uliingia siku ya 86, na nyumba ya bibi imebaki kwetu. Mume wake sasa anafuatilia mirathi kule Bungoma.