Siku ya Kumi na Tatu, Wote Nje

Watu wa pwani wana neno lao, mandari: chakula kinafungwa, watoto wanakusanywa, mnakwenda kula nje. Huku kwetu Shinyanga wengi tunaona hilo ni jambo la wenye nafasi. Nchini Iran ni desturi ya tajiri na maskini.

Mwaka wa Kiirani, Nouruzi, huanza tarehe 20 au 21 Machi. Siku yake ya 13, mwanzoni mwa Aprili, ni sikukuu ya taifa iitwayo Sizdah Bedar. Wazee waliamini kuwa 13 ina mkosi, na abakiye nyumbani mkosi humkuta humo. Basi watu hujaa bustanini na kandokando ya mito. Zulia hutandikwa chini ya mti, chai huchemshwa, mishikaki huchomwa, na sufuria ya supu nzito ya tambi, maharage na mboga za majani haikosekani. Babu hucheza na wajukuu. Hakuna mgeni rasmi wala risala. Kabla ya kurudi, ngano iliyooteshwa sahanini kwa ajili ya mwaka mpya hutupwa katika maji yanayotiririka.

Nouruzi hiyo ndiyo asili ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja. Kalenda ile ya pwani ilihesabu siku 365 bila kuongeza siku ya mwaka mrefu, ikawa inarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Ndiyo maana leo sherehe iko Julai.

Nasi je, tutandike wapi mkeka? Geita, kaa mbali na mialo ya kuoshea dhahabu. Zebaki inayokamata dhahabu huingia ardhini na majini, na ikichomwa, mvuke wake huingia mapafuni. Maduara yaliyoachwa wazi nayo hufichwa na majani, na mtoto anayekimbilia mpira hatazami chini.

Shinyanga, miti mingi ilikatwa zamani kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, ulisaidia kufufua ngitili, na humo kivuli kipo. Lakini ngitili ina mwenyewe. Piga hodi kwanza. Chukueni michembe, karanga na birika. Moto wa chai uzimwe kwa maji kabla ya kuondoka: majani yale yakiungua, ng'ombe wa mwenyeji wenu watakula nini Septemba?