Je, Wajua? Video Fupi Ilizaa Filamu ya Saw

Filamu ya Saw ilianza kama video ya kujinadi! Mwaka 2003, mwigizaji Leigh Whannell na rafiki yake, mwongozaji James Wan, walirekodi tukio moja la mswada wao huko Australia. Whannell mwenyewe aliigiza, taya lake limebanwa na mtego wa chuma.

• Video hiyo haikufika dakika 10.

• Iliwafungulia mlango Marekani. Filamu kamili ilitoka 2004: Wan aliiongoza, Whannell akapata nafasi ya mhusika mkuu.

• Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 1.2, ikaingiza zaidi ya milioni 100.

• Kwa video yake ya kujinadi, mwigizaji anayesaka kazi huhitaji dakika 2 au 3 tu. Kipande bora kabisa hutangulia, uso wake ukionekana vizuri.