Chakula cha Jioni Kabla Mtoto Hajasinzia

Akina mama wenzetu, jioni hii wengi wetu tunaijua. Mama anarudi kutoka shambani au kazini jua likiwa limekwisha kuinama. Ana kuni kichwani au kapu mkononi, na mtoto yuko mgongoni. Kabla hajapumua, jiko linamngoja, maji hayajachotwa, kuku hawajafungiwa. Maharage yanabandikwa saa kumi na mbili, na saa mbili usiku bado ni magumu. Ugali unapofika mkekani saa tatu, mtoto mdogo amekwisha kulala juu ya khanga. Tunamwamsha, tunamtia tonge mdomoni, naye analala nalo shavuni. Mwisho tunasema, "Basi, atakula kesho."

Sisi wenyewe tumeyasema maneno hayo nyumbani mwetu, tena si mara moja. Tulikuwa tunatoka zamu ya mchana tumechoka, tunapika chakula kizuri, na wanaokila ni watu wazima tu. Ndiyo sababu leo tumependa kuzungumza nanyi juu ya chakula cha jioni kinachoiva kwa muda wa nusu saa, yaani tambi za kitunguu saumu kwa kamba, au kwa dagaa wetu wa Ziwa Nyasa.

Swali ambalo hatukuwa tukiuliza

Siku moja kliniki alikuja mama na mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache. Kwenye kadi, mstari wa uzito ulikuwa umelala kwa miezi miwili. Mtoto hakuwa na homa wala hakuharisha. Tukaanza kumshauri mama juu ya vyakula vya kujenga mwili, kama tulivyozoea. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Nesi, chakula tunacho. Mahindi yapo, maharage yapo, hata karanga zipo."

Ndipo mmoja wetu akamwuliza, "Mama, usiku mnakula saa ngapi?"

Akainamisha kichwa. "Saa tatu. Yeye huwa amelala."

Tangu siku ile swali hilo tunamwuliza kila mama. Si kwamba saa ya kula ndiyo sababu pekee ya mtoto kutokuongezeka uzito. Magonjwa yapo, minyoo ipo, na umaskini upo. Lakini mtoto mdogo ana tumbo dogo. Hawezi kula mara moja akashiba kwa siku nzima kama baba yake. Mtoto wa miezi 9 hadi 23 anahitaji milo 3 au 4 kwa siku, pamoja na vitafunio kidogo katikati. Akikosa mlo wa jioni, amepoteza robo au theluthi ya chakula chake cha siku hiyo. Na kumlisha mtoto mwenye usingizi kuna hatari nyingine, maana chakula kinaweza kumpalia.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa Ruvuma kwa namna ya pekee. Mkoa wetu ni ghala la mahindi la nchi. Hata hivyo, uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Ruvuma zaidi ya mtoto 1 kati ya 3 wenye umri chini ya miaka 5 amedumaa. Ghala limejaa, na watoto ni wafupi kuliko umri wao. Maana yake ni kwamba mahindi peke yake hayatoshi. Inabidi tutazame kuna nini kingine katika sahani ya mtoto, na sahani hiyo inamfikia saa ngapi.

Somo lililo karibu nasi

Sisi tunaoishi Hanga, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Songea na tangu 2002 imo katika Wilaya ya Namtumbo, tunao majirani wenye utaratibu mzuri kuhusu jambo hili. Ni watawa Wabenediktini wa Abasia ya Hanga, iliyoanzishwa mwaka 1957. Kanuni wanayoifuata iliandikwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6. Katika sura ya 41, Benedikto anaagiza kwamba saa ya mlo wa jioni ipangwe ili watu wale kungali na mwanga wa mchana, bila kuhitaji taa.

Agizo hilo liliandikwa kwa ajili ya watawa wazima, ambao hawana watoto wa kunyonyesha. Lakini linamfaa sana mtoto wa miaka 2! Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Tukijiwekea nia kwamba mdogo wa nyumba awe amekula kabla ya giza kuingia vizuri, tutamlisha akiwa macho, tutaona mwiba wa samaki, na tutaona jinsi anavyotafuna.

Tatizo ni kwamba maharage hayajui kanuni hiyo. Kwa hiyo tunahitaji vyakula viwili vitatu vya haraka ambavyo mama anaweza kuvitegemea siku aliyochelewa.

Kwa nini tambi?

Wengi wetu tulizijua tambi kama chakula cha sukari. Ndugu zetu wa pwani huzipika kwa tui na iliki, hasa wakati wa futari. Lakini Waitalia, ambao tambi ni chakula chao cha kila siku, huzila kwa chumvi, na mojawapo ya mapishi yao mepesi kabisa ni mafuta na kitunguu saumu tu. Wakiwa na kamba, huongeza kamba.

Kamba wetu hutoka baharini, hasa sehemu za Mafia, Kilwa na delta ya Rufiji. Katika mikoko ya Rufiji kamba wachanga hupata maficho na chakula mpaka wakue. Ndugu akija kutoka Dar es Salaam na kamba walioganda ndani ya barafu, hiyo ni sikukuu. Lakini kutoka pwani hadi kwetu ni safari ndefu, na kamba huharibika upesi kuliko samaki wengi. Kamba anayenuka kama mkojo, au mwenye mwili unaoteleza na kulegea, asiingie jikoni kwako hata kama umepewa bure.

Hatuna sababu ya kulilia kamba. Siku hizi lami inafika hadi Mbamba Bay, na dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa wanapatikana sokoni Songea na hata magengeni. Dagaa analiwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo anampa mtoto protini na madini ya kujenga mifupa kwa wakati mmoja. Tena dagaa mkavu hakai kwenye barafu, bali hungoja kwenye kopo mpaka siku utakayomhitaji.

Ijumaa moja ya Kwaresima, siku isiyo na nyama, tulikusanyika akina mama wachache tukapika namna zote mbili, saa ikiwa mezani. Kwa kamba tulitumia dakika 25. Kwa dagaa tulitumia dakika 30, kwa sababu ya kuwachambua. Na tuseme kweli, sufuria ya dagaa ndiyo iliyokwisha kwanza.

MAHITAJI (watu 6)

Tambi nene (spageti), pakiti 1 ya gramu 500
Kamba waliomenywa nusu kilo, au dagaa wakavu vikombe 2
Kitunguu saumu punje 8 hadi 10
Nyanya 4 zilizoiva
Karoti 2
Mchicha fungu 1
Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 5
Ndimu 1
Chumvi, na pilipili manga ukipenda

NAMNA YA KUPIKA

1. Bandika maji lita 3 hivi katika sufuria kubwa, utie chumvi kijiko kidogo kimoja. Funika ili yachemke upesi. Ukiwa na jiko moja tu la mkaa, usiwe na wasiwasi. Chemsha tambi kwanza, mchuzi utafuata.

2. Maji yakiwa jikoni, tayarisha vingine. Kamba walioganda wayeyushe ndani ya maji baridi, si juani. Wapasue mgongoni, utoe ule utumbo mweusi, wasuuze na kuwachuja. Kama ni dagaa, toa vichwa, ondoa mchanga, waoshe mara mbili kwa maji ya uvuguvugu na kuwakamua. Menya vitunguu saumu na kuvikata vyembamba. Katakata nyanya na mchicha uliooshwa, na kwaruza karoti.

3. Maji yakitokota, tia tambi na kukoroga mara moja zisishikane. Zichemke dakika 8 hadi 10. Onja, ziive, lakini zisiwe uji. Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uweke kando. Maji hayo yana wanga, nayo ndiyo yatakayoufanya mchuzi ushikamane na tambi.

4. Weka mafuta kwenye karai, moto uwe mdogo. Tia kitunguu saumu wakati mafuta yana joto la wastani, yasiwe yanafuka moshi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Kitunguu saumu huungua kwa nusu dakika tu, na kikiungua huwa kichungu, na uchungu huo hauondolewi na kitu chochote. Geuza mpaka kinukie na kubadilika rangi kidogo.

5. Kama ni kamba, watie sasa na kuongeza moto. Wapike dakika 3 hadi 4 tu. Wakigeuka rangi ya waridi na kujikunja, wameiva. Watoe uwaweke kando. Ukiwaacha wanakuwa kama mpira wa kandambili. Kama ni dagaa, wakaange kwa dakika 5 mpaka wakauke vizuri, na wao waache humo humo.

6. Tia karoti na nyanya. Nyanya zikivunjika, tia mchicha na nusu ya maji ya tambi. Funika dakika 3.

7. Rudisha kamba, mimina tambi, geuza vizuri na ukamulie ndimu. Ongeza maji ya tambi kama ni kavu. Onja kabla ya kuongeza chumvi, hasa ukitumia dagaa, kwa kuwa wengine wamekwisha kutiwa chumvi.

Sahani ya mdogo

Mtoto chini ya mwaka mmoja na nusu asipewe tambi ndefu wala kamba mzima. Zikate tambi fupi sana kwa kisu, zilainishe kwa mchuzi, na dagaa watwange wawe unga kabla ya kuwachanganya. Sahani hiyo moja ina nafaka, samaki, mboga ya majani pamoja na karoti, na nyanya. Ukihesabu na maziwa ya mama, ni makundi 5 ya chakula. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23 ni angalau makundi 5 kati ya 8 kila siku, nasi tumeyapata kwa mlo mmoja!

Mtoto anayekula kamba kwa mara ya kwanza apewe kidogo tu. Watu wengine, wakubwa kwa wadogo, mwili wao hauwapokei. Midomo ikivimba, ngozi ikitoka vipele au pumzi ikibana, mpeleke kituo cha afya mara moja, usingoje kesho.

Neno jingine kuhusu kitunguu saumu. Tumekutana na wagonjwa wa shinikizo la damu walioacha vidonge kwa sababu waliambiwa kitunguu saumu kinatosha. Hakitoshi. Kileni kama kiungo kizuri cha chakula, na vidonge viendelee kama daktari alivyoagiza.

Na baba atasema nini?

Tunajua atakachosema baadhi yao: "Bila ugali sijala." Hatuna ugomvi na ugali, ndio uliotukuza. Mchuzi huo huo wa dagaa na kitunguu saumu unakubali ugali vizuri sana. Mlishe mtoto tambi saa kumi na mbili na nusu, na baba umsongee ugali wake baadaye. Au mwombe amenye vitunguu saumu wakati wewe unachambua mboga. Mmoja wa waume zetu alianza kwa kulalamika, na sasa kazi hiyo hataki mtu mwingine aiguse, maana anasema wengine wanakata vinene.

Tena si lazima iwe tambi kila siku. Pakiti ni fedha. Maharage yakilowekwa usiku huiva kwa muda mfupi zaidi, na yakichemshwa asubuhi au Jumamosi kinachobaki jioni ni kuyaunga tu. Viazi vitamu kwa karanga zilizotwangwa huiva upesi, hali kadhalika ndizi kwa dagaa. Kila nyumba ijichagulie vyakula vitatu vya haraka, na viungo vyake viwekwe tayari.

Yule mama wa kliniki alirudi baada ya miezi miwili. Hakuwa amenunua tambi hata pakiti moja. Alikuwa ameanza kuchemsha maharage asubuhi, na jioni anamlisha mwanawe kwanza, wakiwa wamekaa mlangoni penye mwanga. Tulimweka mtoto kwenye mizani, tukatia nukta kwenye kadi, na mstari ulikuwa umeinuka.

Basi leo, kabla ya kufikiria utapika nini, angalia kwanza mtoto wako husinzia saa ngapi. Kisha uhesabu kurudi nyuma. Tunawatakia jioni njema.