MSHIKA MBILI MOJA HUMPONYOKA

Je, ukipiga picha ya jambo, umeliona?

Tarehe 5 Desemba 1987, Gor Mahia ilitoka sare 1-1 na Espérance ya Tunisia uwanjani Kasarani, ikatwaa Kombe la Mandela, kwani kule Tunis zilitoka 2-2. Mashabiki siku hiyo hawakuwa na simu za kamera. Lakini hebu waulize wazee hapa Shauri Moyo! Watakusimulia mpaka chai ipoe. Agosti 10, 2025, Harambee Stars ilipoifunga Morocco 1-0 uwanjani humo humo, wengi wetu tuliinua simu. Sisi tutasimulia nini?

Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel wa Marekani alichapisha jaribio lake. Wanafunzi walitembezwa katika jumba la makumbusho. Vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama tu. Ni kama akili husema, "Kamera itanishikia," halafu inalala! Ajabu ni kwamba waliovuta kamera karibu, kwenye sehemu moja tu ya kitu, hawakusahau hivyo. Kumbe ubaya si kamera. Ubaya ni kutotazama.

Basi wenzangu, tusitupe simu. Piga picha moja, tena kwa makini, kisha simu iingie mfukoni. Nyanya akisimulia hadithi, picha haishiki sauti yake. Masikio yako ndiyo yatakayoishika. Simu ikiibwa kwa matatu, utanunua nyingine. Nyanya je?