Njia ya Mizabibu ya Stellenbosch

Huko Stellenbosch, Afrika Kusini, mashamba ya mizabibu yana njia yao ya watalii tangu 1971. Mgeni huenda kwa gari shamba hadi shamba akionja mvinyo. Mwenye busara hupanga mashamba machache kwa siku, hutema anachoonja, na usukani humwachia asiyekunywa.

Lakini ramani haisemi yote. Zamani vibarua walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, na ulevi ukavunja nyumba nyingi.

Msafiri Mwislamu naye aufuate mto Eerste kuteremkia baharini, hadi Macassar. Hapo pana ziara ya Sheikh Yusuf, aliyeletwa na Waholanzi 1694 akiwa mfungwa, akafariki 1699. Kituo hicho nacho kitiwe ramanini.