Titani: Nguvu ya kiungo kisichoonekana

Tarehe 20 Februari 2021, muda mfupi baada ya kuondoka Denver, Marekani, ndege ya Boeing 777 ya shirika la United ilipatwa na mshindo mkubwa. Panga moja la feni ya injini ya kulia lilikuwa limekatika kwa uchovu wa metali na kuvunja jirani yake. Watu 239 waliokuwamo walirejea salama.

Wachunguzi walibaini kuwa ufa ulianzia ndani ya panga hilo, ambalo lina uwazi ili liwe jepesi.

Lakini je, panga la namna hiyo huundwaje?

Vipande vya aloi ya titani, yenye takriban asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, huunganishwa bila kuyeyushwa. Nyuso zake husafishwa, kisha hugandamizwa pamoja mahali pasipo hewa, katika joto linalozidi kidogo nyuzi 900. Metali hiyo huyeyuka ipitapo nyuzi 1,600. Atomi huvuka mpaka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na baada ya saa kadhaa mpaka wenyewe hutoweka.

Titani inafaa kwa kazi hii kwa sababu katika joto hilo humeza utando wa oksidi ulio juu yake. Utando wa alumini haumezwi, hubaki kama pazia kati ya vipande viwili.

Kiungo kilichofanywa vyema kikivutwa, metali hukatika kwingine. Hata hivyo, jaribio hilo pekee halitoshi. Vitundu vidogo vilivyosalia kwenye kiungo hupunguza kidogo tu nguvu ya kuhimili mvuto, ilhali hudhoofisha sana uwezo wa kustahimili pigo la ghafla na mzigo unaojirudia kila ndege inaporuka.

Joto likiwa dogo mno, vitundu hubaki. Likikaribia nyuzi 1,000, chembe za metali hukua na uimara dhidi ya uchovu hupungua.

Mawimbi ya sauti hutumika kupekua viungo, lakini vitundu vidogo sana huweza kuyakwepa. Ndiyo maana viwanda hukata pia sampuli, zikachunguzwa kwa hadubini na kujaribiwa kwa mapigo. Kwa abiria, usalama umo katika kiungo ambacho hatakiona kamwe.