Pikipiki mpya: Joto na ulegevu siyo ugonjwa

Mkulima mmoja wa pamba kutoka Magu alifika ofisini kwetu akisukuma pikipiki yake. Alikuwa ameinunua siku tisa tu zilizopita. Fedha ya pamba ya msimu mzima imo humo. Akatuambia, "Ndugu zangu, nimeuziwa mzigo mbovu. Injini inaungua. Nimeidondoshea maji, yamechemka papo hapo. Na klachi ililegea, nikaikaza mwenyewe. Sasa mlimani inanguruma lakini haiendi."

Sisi siyo mafundi. Lakini kitabu cha pikipiki alikuwa nacho, bado kimo katika mfuko wake wa nailoni, hakijafunguliwa! Tukakifungua pamoja, na fundi wa jirani akatueleza yaliyobaki.

Tuanze na joto. Petroli inapoungua ndani ya silinda, moto wake hupita nyuzi 2,000 kwa kitambo kidogo sana. Joto hilo lazima litoke. Pikipiki nyingi za vijijini hazina maji ya kupoza injini, zinapozwa na upepo. Zile mbavu unazoziona nje ya silinda ndizo kazi yake: zinaongeza mahali pa upepo kupita. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na kichwa cha injini hupita hapo hata ikiwa nzima kabisa. Basi tone la maji kuchemka siyo dalili ya ugonjwa. Kumwagia injini maji ikiwa ya moto ndiyo hatari, maana chuma kikipoa ghafla huweza kupasuka. Na ile sauti ya ti-ti-ti ukizima? Ni vyuma vinasinyaa tu.

Dalili za kuogopa ni hizi: nguvu inapungua, injini inagonga, au unasikia harufu ya oili kuungua. Hapo simama kivulini, zima, ngoja ipoe, kisha pima oili. Usiiache ikinguruma imesimama. Ikisimama haina upepo.

Sasa klachi, na hapa ndipo ndugu yetu alipokosea. Ndani ya klachi mna pleti zinazobanwa pamoja na springi. Zikibanana, nguvu ya injini hufika kwenye gurudumu. Ukivuta mkono wa klachi, waya huziachanisha ili ubadili gia. Mkono huo lazima uwe na ulegevu kidogo mwanzoni, kabla waya haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, yaani kama upana wa kidole. Kitabu chako kitakuambia kipimo cha yako.

Yeye aliuondoa ulegevu wote, ati iwe ngumu kama ya shemeji yake. Hivyo waya ukawa unavuta wakati wote, pleti hazibanani sawasawa, zinateleza. Injini inanguruma, gurudumu halina nguvu, na pleti zinasuguana mpaka ziungue. Kumbe dawa yake ndiyo iliyoleta ugonjwa! Ulegevu ukizidi nako kuna taabu: gia zinakwaruza, na pikipiki inataka kwenda hata umevuta klachi. Kupanda mlima huku umeshika klachi nusu huziunguza pleti vilevile. Punguza gia, uiachie klachi yote.

Fundi alingoja injini ipoe, akalegeza nati ya waya, akapima kwa rula ya shule: milimita 15. Kazi ya dakika tano. Pleti zilikuwa hazijaungua.

Jambo moja bado. Klachi ya pikipiki hizi huogelea ndani ya oili ya injini. Oili nyingine za magari zina dawa ya kuteleza, nazo huitelezesha klachi. Soma kopo kabla hujalipa, utafute herufi JASO MA. Oili isiyo na kopo, ile ya chupa za soda, sisi tusingeinunua. Oili ya kwanza ya pikipiki mpya hubadilishwa mapema, mara nyingi kwenye kilomita 500. Ya ndugu yetu ilikuwa imekwenda 212. Aliandika 500 kwa kalamu juu ya jalada la kitabu, akaiwasha, akaondoka.